Kichwa kuuma Elena usiku wa kuamkia Margherita: ni urefu wa mlima, ni maji, ao ni mbabula?

#1 Mwana_Katindo (Goma)
Salamu kwenu wote. Mimi na rafiki yangu tunapanga kupanda Margherita, kilele cha juu kabisa cha Rwenzori, mwezi wa saba, kwa upande wa Uganda, tukipitia Kasese. Ratiba tuliyopewa ni hii: kuanza Nyakalengija (m 1,646), kulala Nyabitaba (m 2,651), kulala John Matte (m 3,505), kulala Bujuku (m 3,962), kulala Elena (m 4,541), halafu saa nane ya usiku tunaanza kilele, m 5,109.

Dai langu ni kwamba kilele si shida. Shida ni kile kibanda cha mwisho. Kila anayesimulia mlima huu anasema usiku wa Elena kichwa kinapasuka, tumbo linakataa chakula, usingizi haupo, na ikifika saa ya kuondoka mmoja kati ya marafiki wawili anabaki ndani ya blanketi. Ila kila mtu anataja sababu yake. Sababu hasa ni ipi? Tufike Elena saa ngapi? Na mmoja wetu akiumwa, mwingine aendelee?

#2 Docta_Himbi (Goma)
Karibu, leki. Anza na presha ya hewa. Hapa Goma, kwenye mita 1,500 hivi, presha ni karibu asilimia 84 ya ile ya pwani. Elena ni kama asilimia 57. Oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, lakini kila pumzi inaingiza kidogo kuliko mwili ulivyozoea.

Kanuni inayofuatwa: ukipita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu ao nne ulale palepale mara ya pili. Sasa pima ratiba yako. Nyabitaba hadi John Matte ni mita 854. Bujuku hadi Elena ni mita 579. Usiku wa kutulia hakuna hata mmoja.

Kuna jambo lingine watu hawalihesabu. Ugonjwa wa mlima hauji papo hapo. Kwa kawaida unaanza baada ya muda wa saa 6 hadi 12 tangu kufika. Ukiingia Elena saa nane ya mchana, kichwa kinaanza kati ya saa mbili na saa nane za usiku, yaani wakati uleule wa kufunga kramponi (meno ya chuma ya viatu vya barafu). Mtu anajisifu jioni kwamba yuko mzima, kumbe saa zake hazijafika.

#3 Gide_Mstaafu (Goma)
Docta anasema kweli, lakini hiyo haielezi yote. Kibanda ni kilekile, ratiba ni ileile, na bado kuna wanaolala vizuri na wanaolala wakitapika. Tofauti kubwa ni mwendo na maji.

Bujuku hadi Elena ni saa tatu ao nne. Kwanza matope ya bonde, halafu korongo la miti ya senesio lenye ngazi ya chuma, halafu mwamba laini unaoteleza kama kumenyesha, na huko kunanyesha karibu kila siku. Vijana wanaingia lile korongo kwa mwendo wa chukudu (baiskeli ya mbao) inayoteremka. Wanafika mapema na wamelowa jasho ndani ya koti la mvua. Hapo ndipo usiku unapoharibika.

Kipimo ni mdomo wako. Kama huwezi kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, punguza mwendo. Mukiwa wawili, yule mzito wa mwendo atangulie nyuma ya gide (kiongozi wa njia), mwepesi akae nyuma. Mwepesi akitangulia, mwingine anamfukuza bila kujijua.

Maji: lita moja kabla ya kuondoka Bujuku, lita moja njiani, lita moja kabla ya giza. Wengi hawanywi kwa sababu hawasikii kiu kwenye baridi, na kwa sababu wanaogopa kutoka usiku kwenda choo juu ya mwamba uliolowa.

#4 Fundi_Kyeshero (Goma)
Mbona hakuna anayetaja mbabula?

Fikiria kibanda cha mbao kwenye mita 4,541. Nje mvua ya barafu. Mlango umefungwa, nyufa zimezibwa na nguo. Mtu anaingiza mbabula, jiko la makala (mkaa), ili soksi zikauke na chumba kipate joto. Makala yakiwaka bila hewa ya kutosha yanatoa kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi, na inashika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu. Hizo hizo munazoita ugonjwa wa mlima!

Hapa mjini kila mzazi anajua kwamba mbabula hailali ndani ya chumba cha watoto. Kwa nini mlimani watu wanaisahau?

#5 Volkano_Majengo (Goma)
Fundi amegusa penyewe. Ni kama mazuku basi. Walale vitanda vya juu, gesi ikae chini.

#6 Docta_Himbi
Hapana, #5, ushauri huo unaua. Mazuku ya huku kwetu ni kaboni dioksidi. Ni nzito kuliko hewa, inajaa kwenye mashimo na mabonde madogo, ndiyo maana mbuzi na watoto wanaanguka pale ambapo mtu mzima aliyesimama hasikii kitu. Kaboni monoksidi uzito wake unakaribia ule wa hewa, ni nyepesi kidogo tu, na ikitoka kwenye makala ni ya moto, kwa hiyo inapanda kwanza na kusambaa chumba kizima. Kitanda cha juu hakikuokoi. Dawa ni kupika na kukaushia nje ya chumba cha kulala, ao kwenye jiko lenye mlango wake, na kuacha dirisha moja wazi upana wa ngumi mbili. Jiko la gesi ao la mafuta ndani ya chumba kilichofungwa nalo linatoa sumu hiyo.

#7 Kadutu_Mguu (Bukavu)
Basi tununue oksimita ya kidole, ile ndogo ya kupima oksijeni ya damu. Ikionyesha namba ya chini ni urefu, ikionyesha juu ni kitu kingine. Kesi imekwisha.

#8 Docta_Himbi
Haijakwisha, yaya. Vile vifaa vidogo havitofautishi damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksidi. Vinahesabu zote kama nzuri. Mtu anaweza kuwa amejaa sumu na kifaa kinasoma vizuri tu. Na kidole kikiwa baridi, namba inarukaruka.

Ila kuna namna ya kukitumia. Elena mtu wa kawaida anasoma kati ya asilimia 75 na 88 hivi. Kama wote chumbani wanaumwa kichwa na kifaa kinasoma 96 ao 97, toka nje haraka, na toa kila mtu. Kipimo kingine hakihitaji kifaa: angalia nani anaumwa. Urefu unachagua, unampata huyu na kumwacha yule. Sumu ya makala inawapata wote waliomo, hata wapagazi wanaoishi mlimani. Na ukikaa nje nusu saa, kichwa cha makala kinaanza kupungua, kile cha urefu kinabaki.

#9 Kahawa_ya_Minova
Nimesoma yote. Naongeza sababu ambayo watu wa Kivu wanapaswa kuiwaza kwanza: kahawa. Mtu anayekunywa vikombe vitatu ao vine kila siku nyumbani, halafu mlimani anapewa chai nyepesi tu, kichwa kinamuuma kuanzia siku ya kwanza ao ya pili. Anapofika juu, kila mtu anasema ni mlima. Bebeni kahawa yenu, munywe kiasi kilekile mulichozoea. Haizuii mtu kuzoea urefu.

#10 Gide_Mstaafu
#9, kichwa cha kahawa kingeanza Nyabitaba ao John Matte. Huyu wa #1 anasema Elena.

#11 Kahawa_ya_Minova
Kinaweza kuanza John Matte na kuendelea hadi Elena. Ukiwa umechoka huulizi kilianza lini, unahesabu pale kilipokuzidi.

#12 Dada_Ndosho (Goma)
Kuhusu maji niweke angalisho. Nimeona ushauri wa lita sita, lita saba kwa siku huko kwingine. Huo ni hatari. Mtu akijaza maji matupu bila chumvi, chumvi ya damu inashuka, na dalili ya kwanza ni kichwa kuuma na kutapika. Anaambiwa anywe zaidi, anazidi kuharibika. Lita tatu hadi nne kwa siku, ukihesabu chai, uji na supu, zinatosha watu wengi. Angalia mkojo: njano nyepesi ni sawa. Ukiwa mweupe kama maji ya bomba na unakwenda choo kila nusu saa, umepitiliza.

Mchanganyiko wa kunywa njiani: lita moja ya maji yaliyochemka, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi.

Tena maji ya kule yachemke dakika tatu kamili, si kuanza tu kutoa mapovu. Kwenye urefu wa Elena maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi.

#13 Volkano_Majengo
Hiyo nyuzi 85 ndiyo inaharibu chakula pia. Maharagwe hayaivi kabisa kule. Mtu anakula yaliyo nusu mabichi, tumbo linavimba, halafu anasema urefu umemkataza chakula. Maharagwe yapikwe chini ao yasipande. Juu beba vitu vinavyohitaji maji ya moto tu: uji wa unga laini, tambi nyembamba, viazi vya unga, supu. Ongeza karanga, sukari, na fromaji (jibini) ya Masisi, ile haiharibiki kwenye baridi.

#14 Docta_Himbi
Fromaji kidogo. Jioni ya Elena kula zaidi vyakula vya wanga. Mafuta mengi yanakaa tumboni muda mrefu, na tumbo kule tayari ni zito.

#15 Volkano_Majengo
Docta, utatunyima na fromaji? Basi tutaila tukishuka kambi ya Kitandara.

#16 Katuba_Lushois (Lubumbashi)
Watu wa Goma, nyinyi mnaishi juu tayari. Huo mlima ni wenu. Sisi wa Lubumbashi ndio tungelalamika.

#17 Kadutu_Mguu
Lubumbashi iko karibu mita 1,200, Goma na Bukavu karibu 1,500. Mita 300 za tofauti hazimsaidii mtu Elena. Mwili unaanza kujirekebisha kwa nguvu ukilala juu ya 2,500. Wakatangais na Wakivu watatapika pamoja.

Kwa mazoezi, huku kwetu kuna Kahuzi, m 3,308. Inapandwa na kushukwa siku moja.

#18 Docta_Himbi
Kahuzi inatengeneza miguu na kupima viatu. Damu haibadiliki, kwa sababu hulali juu. Kinachosaidia ni usiku. Karisimbi kwa upande wa Rwanda inafaa zaidi: siku mbili, kambi iko karibu mita 3,700, kilele m 4,507. Mukivuka mpaka, mukipanda, halafu mukaelekea Kasese ndani ya siku chache, mwili bado unakumbuka. Mukiacha wiki mbili katikati, faida nyingi imepotea.

#19 Mama_wa_Kibati
Na Nyiragongo? Kilele m 3,470, vibanda vilijengwa palepale ukingoni. Ndiyo mazoezi kamili ya kulala kibandani: baridi, upepo, kuvaa gizani.

#20 Volkano_Majengo
Bustani ya taifa ikifungua na kutangaza yenyewe, sawa. Kabla ya hapo mtu asipange kwa kusikia. Na wakati wake, Nyiragongo ni saa nne hadi sita kupanda, hakuna maji njiani, kila tone linatoka chini. Hilo peke yake linamfundisha mtu kuhesabu maji.

#21 Mzee_wa_Mutwanga
Vijana, mukumbuke kwamba mlima huu una upande wetu pia. Njia ya Butahu, kutoka Mutwanga: kibanda cha Kalonge kwenye mita 2,100 na kidogo, Mahangu karibu 3,300, Kiondo karibu 4,200, halafu mwamba na barafu. Ramani za wakati wa Zaïre zinaandika Ngaliema, ndiyo Stanley hiyohiyo, mlima wenye kilele cha Margherita. Kalonge hadi Mahangu ni kama mita 1,200 kwa siku moja, na watu walikuwa wanaumwa kichwa Mahangu, si Kiondo. Kwa hiyo namuunga mkono Docta: hesabu mruko wa mita kati ya vibanda, usihesabu jina la kibanda.

#22 Katuba_Lushois
Mzee, Stanley mwenyewe, yule msafiri wa zamani, alipanda kwa upande gani?

#23 Mzee_wa_Mutwanga
Hakupanda. Msafara wake uliona theluji mwaka 1888, akapita chini. Aliyefika Margherita wa kwanza ni yule mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, Luigi Amedeo wa Italia, tarehe 18 mwezi wa sita mwaka 1906, na kilele alikipa jina la malkia wa kwao. Wakati ule barafu ya Rwenzori nzima ilikuwa karibu kilomita za mraba 6.5. Mwaka 2003 ilikuwa imeshuka chini ya kilomita moja ya mraba. Maelezo ya zamani ya njia ya barafu musiyaamini. Mahali ambapo watu walitembea juu ya theluji leo ni mwamba mtupu wenye kamba na ngazi.

#24 Mwana_Katindo
Aksanti kwa wote. Nikifuata Docta, dawa ni kulala Bujuku mara mbili. Mnaonaje?

#25 Dada_Ndosho
Ndiyo. Siku ya katikati musilale kitandani. Pandeni polepole hadi kipito cha Stuhlmann, zaidi ya mita 4,100, ao hadi kile cha Scott Elliot, m 4,372, mukae juu saa moja, mushuke kulala Bujuku. Mwili umeonja juu na kulala chini.

#26 Gide_Mstaafu
Nina wasiwasi na hilo. Bujuku ni shimo la matope na ukungu. Nguo hazikauki. Siku ya ziada ni malipo ya ziada ya bustani, ya gide na ya wapagazi, na ni usiku mwingine wa soksi zilizolowa. Nguvu ya mtu inapungua pia, si oksijeni tu. Kama muna siku ya ziada, iwekeni John Matte. Pale ni pakavu zaidi na ndipo mruko wa mita 854 ulipo.

#27 Docta_Himbi
John Matte si wazo baya. Mruko ule ni mkubwa kweli. Lakini kutoka pale hadi Elena mtu bado hajalala mara mbili juu ya 3,900.

#28 Fundi_Kyeshero
Kwa nini kulala Elena hata kidogo? Laleni Bujuku, mle vizuri, muondoke saa tano ya usiku moja kwa moja. Mulale chini, mugonge kilele, murudi.

#29 Gide_Mstaafu
Kwenye karatasi inavutia. Bujuku hadi kilele ni mita 1,147 za kupanda. Lile korongo na mwamba wa chini ya Elena ungepita gizani, umevaa mabote ya mpira, halafu ubadilishe viatu kwenye baridi bila paa. Kutoka Elena, kwenda kilele na kurudi kibandani ni saa nane hadi kumi na mbili tayari. Ukiongeza Bujuku, watu wanarudi kwenye ngazi za chuma wakiwa wamechoka, na huko ndiko kifundo cha mguu kinavunjika.

#30 Kadutu_Mguu
Kuna njia ya Kilembe pia, ya kusini. Sine m 2,596, Mutinda m 3,688, Bugata m 4,062, Hunwick's m 3,974, Margherita Camp m 4,485. Kutoka Bugata unavuka kipito cha Bamwanjara, karibu 4,450, na kushuka Hunwick's. Ule ndio mpangilio Dada_Ndosho anautaka, umo ndani ya njia yenyewe.

#31 Docta_Himbi
Ila Sine hadi Mutinda ni mita 1,092 kwa mara moja. Waombeni gide muongeze usiku katikati, Kalalama, karibu 3,150. Baada ya hapo ratiba hiyo ni nzuri kuliko ya Bujuku.

#32 Mwana_Katindo
Na dawa? Diamox?

#33 Docta_Himbi
Diamox ndiyo asetazolamidi: miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Muone daktari kwanza. Mwenye mzio wa dawa za salfa asiiguse bila kuulizwa. Inachochea mkojo na inachoma ncha za vidole, hayo ni kawaida. Ijaribuni nyumbani siku mbili, musikutane nayo mara ya kwanza John Matte.

Inasaidia pia kwa jambo linalotisha marafiki wanaolala pamoja: usiku mwenzako anaacha kupumua kwa sekunde kumi ao zaidi, halafu anavuta pumzi kubwa. Kwenye urefu ule ni kawaida. Usimpe kidonge cha usingizi wala pombe ili "atulie". Primus ibaki Goma.

#34 Gide_Mstaafu
Nijibu swali la saa. Fikeni Elena kati ya saa saba na saa tisa za mchana. Kabla ya hapo munakaa kwenye baridi bure, baada ya hapo hamna mwanga wa kazi. Na kazi ipo nyingi.

Kwanza badilisha fulana iliyolowa, kabla hata ya kukaa. Halafu funga kramponi kwenye viatu vya barafu, mukiwa bado na mwanga. Viatu laini havishiki kramponi ya kubana, vinataka ya mikanda. Kiatu kitikiswe kikiwa juu, kramponi isicheze. Mikanda ikatwe ao ikunjwe, isikanyagwe. Vaa bodrie (mkanda wa mwili wa kufungia kamba) juu ya nguo zote utakazovaa usiku, maana iliyopimwa juu ya suruali moja haifungi juu ya tatu. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga, na ncha irudishwe kwenye kifungo.

Betri za tochi ya kichwani zilale nawe ndani ya mfuko. Baridi inazinyonya. Chupa ya maji ya moto iingie mfukoni pia, na usiku wa kuondoka ikae kichwa chini ndani ya begi, maana barafu inaanza juu, na mdomo hautaziba. Soksi zilizolowa vaa tumboni. Sahauni kuzikausha kwa makala, hapo nakubaliana na Fundi mia kwa mia. Miwani ya jua na mafuta ya jua viwekwe kwenye mfuko wa koti leo hii. Asubuhi jua likipiga barafu, hakuna anayetaka kufungua begi.

#35 Mama_wa_Kibati
Miwani hiyo nayo ni sababu ya kichwa! Mtu anatembea kwenye ukungu mweupe siku nzima akikunja macho.

#36 Kadutu_Mguu
Tumefika sababu ya ngapi sasa? Mkanda wa begi unaobana shingo nao upo, uandikeni.

#37 Mwana_Katindo
Na kamba? Tutakuwa sisi wawili na gide mmoja.

#38 Gide_Mstaafu
Watu watatu kwenye barafu yenye nyufa: mita 8 hadi 12 kati ya mtu na mtu, kamba iliyobaki abebe gide. Musikusanye mikunjo mkononi. Kamba iguse theluji kidogo, isivutike wala isilale. Marafiki wawili peke yao bila gide ni hali nyingine, inahitaji nafasi ya mita 15 hivi, mafundo kwenye kamba, na watu wawili wanaojua kumtoa mwenzao kwenye ufa. Kama hamujui, hamuendi wawili. Kule kwenye mteremko wa barafu ya Margherita, sikilizeni gide aliye pale, hali inabadilika mwaka kwa mwaka.

#39 Docta_Himbi
Bado swali lake la mwisho: mmoja akiumwa.

Kichwa peke yake, anakula, anaongea, anatembea sawa: paracetamoli gramu moja, nusu lita ya maji yenye sukari na chumvi, apumzike, apimwe tena baada ya saa moja. Kikipoa anaweza kujaribu. Kichwa pamoja na kutapika ao uchovu wa kushindwa kuvaa viatu: hapandi. Na kuna dalili mbili ambazo hazisubiri asubuhi. Mwambie atembee hatua kumi, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akiyumba ao kuanguka, ni ubongo. Akihema akiwa amekaa, ao akikohoa na kifua kinakoroma, ni mapafu. Hao wanashushwa usiku huohuo, Bujuku ao Kitandara, karibu mita 500 chini, na gide na mpagazi mmoja.

Mgonjwa haachwi kibandani peke yake hata kwa "saa chache". Kupanda na kurudi ni nusu siku. Kama hakuna mtu wa pili mzima wa kukaa naye, rafiki hapandi. Mukubaliane haya Goma, kabla ya pesa kulipwa.

#40 Fundi_Kyeshero
Na kabla ya kumshusha, mtoe nje kwanza, mufungue mlango. Kama ni makala, mutaona.

#41 Docta_Himbi
Kumtoa nje sawa, lakini mwenye kuyumba asingojewe nusu saa ili kupima nadharia. Vaa, shuka. Hewa safi ataipata njiani.

#42 Gide_Mstaafu
Na saa ya kugeuka iandikwe jioni: saa tatu ya asubuhi, popote mulipo, munarudi. Mchana theluji inalainika na mawingu yanaziba uwanda wa Stanley, nyayo zinapotea.

#43 Katuba_Lushois
Saa tatu ya wapi? Uganda iko mbele ya Goma kwa saa moja.

#44 Gide_Mstaafu
Ya Uganda. Wageuze saa zao mpakani, wote wawili, na simu pia, maana simu ikishika mtandao wa huku bondeni inarudi nyuma yenyewe na kengele ya saa nane inalia saa tisa.

#45 Mwana_Katindo
Tumeongea jana usiku na rafiki yangu. Tunaegemea Kilembe, na usiku wa ziada Kalalama. Mbabula haitaingia chumbani, kahawa tunabeba gramu 200, Diamox tutamuona daktari. Bado hatujakubaliana juu ya nani atatangulia.

#46 Kahawa_ya_Minova
Gramu 200 kwa watu wawili, siku nane? Hesabuni upya. Kikombe kimoja ni gramu 10 hivi.

#47 Dada_Ndosho
Mzito atangulie, imeandikwa #3. Na kama hamujui mzito ni nani, pandeni Karisimbi kwanza.